Wajina mashuhuri: wa mbali hawasumbui, wa karibu ndio wanaoponza

Ndugu mleta mada, umeuliza kuhusu Steve McQueen: makala moja uliyoisoma inasema alifariki mwaka 1980, nyingine inasema filamu yake ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2014, na unataka kujua ipi imekosea. Hakuna iliyokosea, kwa sababu hao ni watu wawili. Wa kwanza alikuwa mwigizaji wa Marekani, aliyezaliwa 1930 na kufariki Novemba 1980. Wa pili ni Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1969, msanii aliyepata tuzo ya Turner mwaka 1999 kabla hajajulikana kama mwongozaji wa filamu, na filamu aliyoiongoza ndiyo iliyotangazwa kuwa bora kuliko zote mwaka huo wa 2014. Umeuliza pia kama watu wa namna hii ni wengi, na sisi tunaoshughulika na habari za watu mashuhuri tunawatenganishaje. Ni wengi mno. Hilo la kuwatenganisha nitalijibu kwa kirefu, kwa kuwa limewahi kuniaibisha.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutengeneza faharasa, yaani ile orodha ya majina na mada inayowekwa mwishoni mwa kitabu pamoja na namba za kurasa. Watu huiona kuwa kazi nyepesi, na kwa sehemu kubwa ni nyepesi kweli: unasoma, unaandika jina, unaandika ukurasa. Ugumu huanza pale jina lile lile linapojitokeza ukurasa wa 40 na tena ukurasa wa 212, nawe ndiye unayepaswa kuamua kama anayetajwa ni mtu yule yule.

Anayeanza kazi hii huwaogopa wajina wanaotofautiana sana, na hofu hiyo haina msingi. Francis Bacon mwanafalsafa aliishi kati ya 1561 na 1626. Francis Bacon mchoraji alizaliwa Dublin mwaka 1909 na kufariki 1992. Karne tatu zimepita kati yao, na sentensi yoyote yenye maana itakuambia kama inazungumzia mbinu ya kuchunguza maumbile au nyuso zilizopotolewa kwa rangi ya mafuta. Anne Hathaway mke wa Shakespeare alifariki mwaka 1623, na Anne Hathaway mwigizaji alizaliwa 1982. Hakuna mhariri atakayewachanganya isipokuwa amesinzia. Hata James Bond hasumbui, ingawa kisa chake kinafurahisha: alikuwapo James Bond wa kweli, mtaalamu wa ndege kutoka Philadelphia aliyeishi kati ya 1900 na 1989 na kubobea katika ndege wa visiwa vya Karibi, na Ian Fleming, aliyekuwa na nyumba Jamaica na kupenda kutazama ndege, alilichukua jina hilo kwa jasusi wake kwa sababu aliliona halina mbwembwe. Mwenye jina aliishi kuona jina lake likimkimbia.

Wanaoponza ni wajina wa karibu, wale wanaopishana miaka michache na kugusana katika kazi. Hapo ndipo nilipoanguka mimi. Nilipewa kitabu cha historia ya mwanzo wa karne ya 20, na humo jina la Winston Churchill lilijitokeza mara nyingi. Ukurasa mmoja ulimtaja kuwa mwandishi wa riwaya. Nilijua kwamba yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza aliandika riwaya moja ujanani, kwa hiyo sikushtuka. Ukurasa mwingine ulimtaja kuwa mwanasiasa, na nani asiyejua kwamba Churchill alikuwa mwanasiasa? Nikaziweka kurasa zote chini ya jina moja nikaendelea na herufi inayofuata. Kitabu kilipotoka, msomaji mmoja aliwaandikia wachapishaji akiuliza, kwa adabu iliyoniuma kuliko matusi, imekuwaje mbunge wa Uingereza akaketi mwaka 1903 katika baraza la kutunga sheria la jimbo la New Hampshire.

Aliyeketi huko alikuwa Winston Churchill mwingine, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis tarehe 10 Novemba 1871. Yule Mwingereza alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874. Mmarekani alisomea chuo cha jeshi la majini la nchi yake, Mwingereza alisomea chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Wote wawili waliandika vitabu, wote wawili waliingia katika siasa, na baadaye wote wawili walishika brashi na kuchora picha. Tena mwishoni mwa karne ya 19 aliyekuwa maarufu zaidi kwa vitabu alikuwa Mmarekani, jambo ambalo leo mtu akiambiwa hudhani anataniwa.

Wao wenyewe waliliona tatizo mapema kuliko mimi. Juni 1899 yule wa London alimwandikia mwenzake barua, akaeleza kwamba kufanana kwa majina kutawachanganya wasomaji, na akaahidi kwamba tangu hapo ataweka jina la Spencer katikati kwenye maandishi yake. Mmarekani alijibu kwamba angekuwa na jina jingine lolote naye angelitumia, ila hakuwa nalo. Ndiyo maana majalada ya vitabu vya waziri mkuu huyo yana herufi S hadi leo. Wengi huiona kama pambo la kiungwana, kumbe ni matokeo ya makubaliano kati ya vijana wawili waliogongana majina. Desemba 1900, Mwingereza alipokuwa Marekani akitoa mihadhara, walikutana ana kwa ana mjini Boston.

Tangu siku ile siipuuzi herufi ya kati. Ukiona mtu mashuhuri ameing'ang'ania, mara nyingi kuna mtu mwingine nyuma yake. Mmarekani Michael Jordan wa mpira wa kikapu, aliyezaliwa 1963, haihitaji herufi yoyote. Wengine ndio wanaompisha. Profesa wa Berkeley aliyezaliwa 1956, mmoja wa majina makubwa katika taaluma ya kuzifundisha kompyuta kujifunza kutokana na data, huandika Michael I. Jordan. Mwigizaji aliyezaliwa 1987 huandika Michael B. Jordan, na hiyo B ni Bakari, jina ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa. Angalia kwamba profesa ndiye mkubwa kwa umri kuliko wote watatu, na bado yeye ndiye aliyelazimika kujitambulisha zaidi. Umaarufu ndio unaompa mtu haki ya kutembea na jina tupu.

Kwa waigizaji mambo hayaachiwi hiari. Chama cha waigizaji wa Marekani kimekuwa na utaratibu wa kutoruhusu wanachama wawili watumie jina moja la kazi, na anayechelewa ndiye anayebadilisha. Michael Keaton alizaliwa akiitwa Michael Douglas. Mwingereza Stewart Granger alizaliwa akiitwa James Stewart, jina ambalo tayari lilikuwa na mwenyewe kule Hollywood. Katika muziki vilevile, David Bowie alizaliwa David Jones, akalibadilisha asichanganywe na mwimbaji Davy Jones. Kwa mtengeneza faharasa, mabadiliko hayo ni neema na adha kwa pamoja: wajina mmoja amepungua, lakini mtu mmoja sasa ana majina mawili, na inabidi uandike jina la kuzaliwa kisha umwelekeze msomaji kwenye jina la kazi.

Pasipokuwa na utaratibu kama huo, wajina huweza kubanana katika chumba kimoja. Roger Taylor aliyezaliwa 1949 alikuwa mpiga drams wa Queen. Roger Taylor aliyezaliwa 1960 alikuwa mpiga drams wa Duran Duran. Na bendi zote mbili zilipiga katika tamasha la Live Aid mwaka 1985, moja London na nyingine Philadelphia. Hapo kazi haikusaidii, wala nchi, wala hata siku. Kinachobaki ni jina la bendi. Katika besiboli, tarehe 16 Oktoba 2020, mrusha mpira wa Atlanta Braves aitwaye Will Smith alimrushia mpira mdakaji wa Los Angeles Dodgers aitwaye Will Smith, naye akaupiga ukatoka nje ya uwanja na kuipatia timu yake pointi tatu. Jaribu kuiandika sentensi hiyo bila kutaja timu uone itakavyokuwa. Mwigizaji Will Smith simhesabu, yuko mbali salama.

Wapenzi wa soka watakumbuka namna Wabrazili walivyolitatua jambo hili kwa sarufi. Katika Kombe la Dunia la 1994, kikosi chao kilikuwa na beki aliyeitwa Ronaldão, yaani Ronaldo mkubwa, kwa hiyo kijana wa miaka 17 aliyekuja kuwa Ronaldo tunayemjua aliitwa Ronaldinho, yaani Ronaldo mdogo. Katika Olimpiki ya 1996 alikuwapo Ronaldo mwingine aliyemzidi umri, Ronaldo Guiaro, kwa hiyo kijana yule aliendelea kuvaa fulana iliyoandikwa Ronaldinho. Baadaye akatokea Ronaldo de Assis Moreira, mdogo zaidi, akalirithi hilo la Ronaldinho moja kwa moja, huku mwenzake akipanda cheo na kuwa Ronaldo. Mtu anayesoma magazeti ya 1996 na kukuta Ronaldinho amefunga bao lazima ajue kwamba siye huyu wa baadaye. Sisi wenye Kiswahili tuna viambishi vya ukubwa na udogo vya kututosha kabisa kwa kazi hiyo, ila sina hakika kama kuna mchezaji angekubali fulana iliyoandikwa Kijuma.

Kuna kundi jingine, la waliopewa jina kwa makusudi, ambao si wajina wa bahati nasibu. Muhammad Ali bondia, aliyezaliwa 1942 na kufariki 2016, aliitwa kwanza Cassius Marcellus Clay kama baba yake, na jina hilo lilitokana na mwanasiasa wa Kentucky aliyepinga utumwa, aliyeishi kati ya 1810 na 1903. Mwaka 1964 alipolibadilisha, alimkimbia wajina mmoja akawaangukia wengine: Muhammad Ali aliyeitawala Misri kuanzia 1805, na Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistani, aliyefariki 1948. Martin Luther King naye alizaliwa akiitwa Michael. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, alifika Ujerumani mwaka 1934, nchi ya yule Martin Luther wa karne ya 16, na baada ya safari hiyo akaanza kutumia jina la Martin Luther kwake na kwa mwanawe. Hapa kuwatenganisha tu hakutoshi, kwa sababu ukimficha msomaji kiungo hicho umemnyima nusu ya habari.

Majina yanayovuka kutoka mwandiko mmoja hadi mwingine nitayapitia haraka, ingawa yanakula muda mwingi. Wachina wawili wanaoandikwa Zhang Wei kwa herufi za Kilatini huenda majina yao yameandikwa kwa alama tofauti kabisa za Kichina, na kwao si wajina hata kidogo. Kinyume chake, mtu mmoja anaweza kuandikwa Mohamed, Mohammed na Muhammad katika kitabu kile kile. Waethiopia hutumia jina la baba mahali ambapo wengine hutumia jina la ukoo, kwa hiyo Abebe Bikila, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 na 1964, anapaswa kuwekwa kwenye herufi A. Ukimweka kwenye B umemtafuta baba yake. Watafiti wa sayansi wamechoshwa na haya yote, na tangu 2012 wana mfumo wa ORCID unaompa kila mmoja namba ya tarakimu 16. Si jambo geni: katika kikosi cha Uingereza kilichopigana na Wazulu huko Rorke's Drift, Afrika Kusini, mwaka 1879, askari wawili walioitwa Jones, Robert na William, walipata nishani ya Victoria, na kikosini walitambuliwa kwa namba, 716 na 593.

Mimi sina namba za kugawa. Ninachofanya ni hiki: kila jina ninaloliandika naliwekea mwaka wa kuzaliwa hata pale ninapoamini kwamba yuko peke yake, kisha naangalia kama mtu huyo angeweza kufanya anachosemwa kufanya akiwa na umri huo na akiwa mahali hapo. Mwaka hunisaidia kuliko kazi, maana watu hubadilisha kazi. Kama ningeandika 1871 na 1874 pembeni mwa Churchill, ule ukurasa wa New Hampshire ungenizuia wenyewe. Mwaka ukinikosa, naandika maingizo mawili na kuyaacha yametengana, kwa sababu msomaji akikuta mtu mmoja amegawanywa mara mbili atapoteza dakika moja, lakini akikuta watu wawili wameunganishwa ataondoka na maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Kwenye orodha yako, basi, andika «McQueen, Steve (1930–1980), mwigizaji» na chini yake «McQueen, Steve (alizaliwa 1969), msanii na mwongozaji». Wa kwanza alipofariki, wa pili alikuwa na umri wa miaka 11.