Ukifika Fukuoka, anza na udon

Kila anayeniuliza ale wapi Fukuoka, mji wa Japani, anakuja na jina la rameni ya Hakata mdomoni, yaani tambi za supu za Hakata, sehemu ya mji huo. Supu yake ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi mpaka ikawa nyeupe kama tui, kwa hiyo kwetu Waislamu mlango huo umefungwa. Wiki zangu za kwanza nilikuwa napita mbele ya migahawa ile na njaa yangu, kisha narudi chumbani kula mkate.

Mwenyeji mmoja ndiye aliyenipeleka kwenye udon, tambi nene za ngano. Mkoani Kagawa wanazipenda zenye kukaza ukitafuna. Za Fukuoka ni laini, karibu hazihitaji meno.

Nikiwa katikati ya mji nakwenda Karo no Uron, karibu na hekalu la Kushida, mgahawa mdogo ulioanza 1882. Jina hilo ni lafudhi ya Hakata, maana yake udon ya konani, na kweli uko konani. Ndani hawaruhusu kupiga picha, simu ibaki mfukoni.

Tahadhari moja: supu ya udon kwa kawaida ni ya mwani na samaki wakavu, ila wengi hutia mirin, kilevi kitamu cha mchele, na zipo za nyama. Mimi niliandikiwa karatasi kwa Kijapani yenye visivyolika kwangu. Naionyesha kabla sijaagiza, na hakuna aliyewahi kukasirika.

Lakini moyo wangu uko Makino no Udon. Lipo tawi chini ya kituo cha mabasi cha Hakata, kwa hiyo hata mgeni mwenye mizigo analifikia. Utachagua tambi laini, za kati au ngumu, chagua laini. Agiza na goboten, mizizi ya gobo iliyochovywa kwenye unga ikakaangwa. Kula vipande viwili vitatu vikiwa bado vikavu, vingine vizamishe vilainike, mafuta yake yakolee kwenye supu. Majani ya kitunguu yako mezani, jitilie.

Usizubae na maongezi. Tambi zile zinaendelea kunywa supu ndani ya bakuli: unakula, unatazama, zimevimba na supu imekauka. Ndiyo maana wanakuwekea birika dogo la supu ya moto pembeni. Miminia, endelea kula.