Jibu: Nataka kinanda cha umeme cha mtumba, Korg Polysix, nitume hela?

Mkuu, usitume. Unasema jamaa wa Dar kakurushia video, kinawaka, kinalia, kesho unamtumia milioni tatu. Mimi nilirushiwa video ya aina hiyohiyo.

Polysix ilitoka 1981. Ndani, kwenye bodi ya KLM-367, kuna kibetri cha kuchaji kinachotunza zile sauti 32 ulizohifadhi ukizima umeme. Kikizeeka kinavuja, na maji yake yanakula njia za shaba. Bodi hiyohiyo ndiyo inayosoma vibonyezo.

Changu nilikipokea stendi ya Nanenane kimeviringishwa blanketi. Wiki mbili raha tupu. Unabonyeza noti kadhaa kwa pamoja, unawasha ensembo, ile swichi ya kunenepesha sauti, sauti inajaa chumba na kutetemeka kwa mbali kama ilimba ya Kigogo. Kompyuta haijawahi kunipa hivyo. Wiki ya tatu, tuko harusini, noti moja ikaganda ikawa inalia tu, nyingine zikakata. Nikazima mbele ya watu.

Fundi wangu wa Majengo alipofungua tukakuta kutu ya kijani imezunguka betri. Akaigusa kwa ncha ya bisibisi, njia ya shaba ikabanduka kama gamba la kidonda. Akasafisha kwa siki na mswaki, akaunga vijiwaya, lakini maji yalishapenya chini ya chipu. Miezi minane kimelala, na milioni nyingine na laki mbili ikaenda kwenye bodi mbadala na usafiri.

Muuzaji nilimuuliza kabisa habari ya betri. Akanijibu, "Vitu vya Mjapani havifi, kaka." Na skrubu zote zilikuwa na mikwaruzo mipya! Alifungua, akaona, akafunga, akaniuzia. Hadi leo nikikumbuka nakasirika.

Kwa hiyo: picha ya betri kwanza, hela baadaye. Afungue mfuniko, aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo pembeni ya bodi, apige picha kwa karibu. Akianza kusema hana bisibisi, achana naye. Bisibisi ni buku mbili.

Juno-106, kile kinanda cha Roland, nayo ina chipu za sauti zinazokufa, hilo tutaongea. Na kinanda kikiwa cha soko la Japani kinataka volti 100, ukikichomeka kwenye 230 zetu umekiunguza.

Picha ikija iweke hapa tuikague kabla hujatuma chochote.