Vijana wa kaunta, averaji si wastani

Jumanne nilikuwa nyuma ya kabati la mafaili nakunywa chai, nikamsikia mmoja wenu akimwambia mzee mwenye Noah: "Ukishakata bima ndogo usiwe na wasiwasi mzee, gari lako liko salama." Chai ikanipalia. Mzee wa watu akaondoka anatabasamu na stika yake. Nimempigia simu, amerudi, tumeelewana. Ila hii ni mara ya tatu mwezi huu, kwa hiyo sogezeni viti. Sina nia ya kugomba. Kidogo tu.

1. Bima ndogo ni ya yule atakayegongwa. Noah ikipondeka, mwenye Noah anatengeneza kwa mfuko wake. Mwambieni hivyo kabla hajalipa. Wengine watauliza bei ya bima kubwa papo hapo, na kamisheni ni yenu.

2. Ekses, ile sehemu ya hasara anayobeba mteja mwenyewe, mtajie kwa shilingi. Asilimia kumi haimshtui mtu, laki nane inamshtua.

3. Averaji. Hapa nitakaa.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, tai ndefu, targeti ya robo mwaka imenikaba. Kulikuwa na mama mmoja muuza vitenge Kariakoo, mteja wa miaka, ananiita mwanangu. Siku ya kuhuisha bima ya moto akalalamika ada imepanda, na jirani yake kapata bei nafuu kwingine. Mzigo dukani ulikuwa wa milioni 80. Nikamwambia, kwa mdomo wangu huu huu: "Mama, kwani duka zima litaungua? Tuandike milioni 40." Ada ikashuka kama laki moja na arobaini. Akanishukuru, akaniagizia soda.

Sasa lile neno averaji lilikuwemo kwenye polisi, yaani mkataba wa bima, ukurasa wa tatu, kwa Kiingereza. Akaniuliza maana yake. Mimi sikuwahi kumwuliza mtu, maana niliona aibu, nikatafsiri kama tulivyojifunza shuleni: averaji ni wastani. "Maana yake, mama, ukipata hasara watakulipa kwa wastani." Yeye akaelewa watalipa kwa kiasi, bila kupunja wala kuzidisha. Tukasaini.

Miezi saba baadaye hitilafu ya umeme ikaunguza stoo ya nyuma. Mthamini hasara akaja, akahesabu majora, akaandika: hasara milioni 30, mzigo wote kabla ya moto milioni 80. Mama akawa mtulivu kabisa. Alikata bima ya milioni 40, hasara ni 30, si inaenea? Hata mimi niliona inaenea. Nikamwambia aanze kuongea na fundi wa rafu.

Ikaja barua ya milioni 13 na nusu.

Nikaisoma mara nne. Hiyo ndiyo averaji, na hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza: kiasi kilichokatiwa bima ugawe kwa thamani halisi ya mzigo, halafu uzidishe kwa hasara. Arobaini kwa themanini ni nusu; nusu ya thelathini ni kumi na tano; toa ekses ya asilimia kumi. Aliyelipia nusu ya mzigo, nusu nyingine amejikatia bima mwenyewe bila kujua, na kila moto utakaotokea, hata wa jora moja, wanagawana yeye na kampuni. Kampuni haikumdhulumu. Mimi ndiye niliyemweka pale.

Nilimpelekea barua mwenyewe. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliuliza tu, "Mwanangu, huo wastani ni wa nani?" Sikuwa na jibu. Nikatoka, nikapanda daladala ya Mbagala, na mimi nilikuwa nakaa Sinza.

Basi mteja akiwaambia "punguza thamani ada ishuke", chukueni karatasi, pigeni hesabu ile kwa mali yake na fedha zake, aione kabla hajasaini. Na akijaza mzigo wa sikukuu, mkumbusheni kuongeza kiasi.

4. Diskaji vocha, ile hati ya kukubali malipo. Yule mama aliisaini siku ile ile ya barua, bado moshi uko kwenye nguo zake. Ikisema malipo kamili na ya mwisho, ndivyo ilivyo. Asiyeridhika asisaini, aombe maelezo kwa maandishi, akikwama yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ndiyo, hata kama kampuni inayolalamikiwa ni yetu.

5. Stika ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mteja akiwa anaangalia. Na ulizeni kadi ya gari ina jina la nani. Shemeji yangu alinunua Corolla mkononi, karatasi ya mauziano akaiweka chini ya godoro, godoro likahamia kijijini. Dai la wizi lilikaa miezi mitano tukitafuta godoro.

6. Mteja uliyemkosea usimkwepe. Mimi nilikuwa nazunguka mtaa mzima nisipite mbele ya duka lile, jua la saa nane. Mwaka wa tatu mke wangu akanituma kitenge, nikajikuta mlangoni. Mama kanitazama, kanipa kiti. Bima alishahamishia kwingine. Nikaagiza doti moja, nikalipa doti moja, akakunjua, akapima, mkasi ukapita katikati, akanikabidhi nusu.

"Mama, hii si doti."

"Ni doti, mwanangu. Kwa wastani."

Akacheka mpaka akashika kaunta, ndipo akanitupia na ile nusu nyingine.