Fizikia ya nano inalipa?

Dada wa Uyole, umeuliza mdogo wako akimaliza fizikia hapo MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, halafu akang'ang'ania mambo ya nano, yaani vitu vidogo mno vya kiasi cha atomu na molekuli, atakula nini. Atakula, ila asiwe na haraka. Elektroniki ya molekuli, yaani kutumia molekuli kama vipuri vya umeme, ilianzia kwenye karatasi mwaka 1974: Aviram na Ratner walipendekeza molekuli moja ipitishe umeme upande mmoja tu, kama dayodi. Hadubini ya STM, inayopapasa uso wa kitu kwa ncha na kuonyesha atomu moja moja, ikaja 1981. Na mpaka leo simu yako haina dayodi ya namna hiyo!

Vitu vya nano vyenyewe ndivyo vimekimbia. Grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, ilibanduliwa kwa selotepu pale Manchester mwaka 2004, kutoka kwenye grafiti, ileile ya penseli. Nobel ikafuata 2010. Na si Wazungu peke yao: Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha alitumia nano kuchuja maji, akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi 2015.

Mwambie aulizie uzamili chuo cha Nelson Mandela, Arusha, na kemia asiikimbie. Mimi niliikimbia, sasa nipo Mwanjelwa nachomelea waya za redio.