Jua kwanza kinachomwamsha

Ndugu mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Mtu ambaye sukari yake inapanda na kushuka, na usiku halali, chakula kinaweza kumsaidia?" Jibu langu ni ndiyo, na nimeliona hilo nyumbani kwetu Tukuyu, kwa baba yangu mzazi. Lakini kabla hujabadilisha chochote jikoni, jua kwanza kinachomwamsha. Mwenye sukari iliyopanda na mwenye sukari iliyoshuka wote watakuambia "sijalala", na chakula kinachomfaa mmoja kinaweza kumdhuru mwenzake.

Baba ana kisukari aina ya pili. Ni mkulima mdogo wa chai, na ingawa umri umekwenda bado anashuka shambani kuchuma. Daktari alimwandikia metformini na glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari. Shida iliyotangulia ilikuwa kukojoa: analala saa nne, saa sita yuko nje, saa nane yuko nje, saa kumi tena. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, na anayeijua mvua ya Rungwe ya mwezi wa nne anajua njia kama hiyo inavyoteleza gizani. Mzee akianguka akachubuka mguu, kwa mwenye kisukari kidonda hicho ni balaa jingine.

Sababu yake inaeleweka. Figo za mtu mwenye afya huirudisha sukari yote kwenye damu. Kipimo kikivuka 10 hivi, yaani milimoli 10 kwa lita, zinazidiwa, sukari inatoka na mkojo, na ikitoka inavuta maji. Ndiyo maana mtu anakojoa sana, kisha kiu inamshika, anakunywa, anaamka tena. Wapo wanaomnyima mgonjwa maji jioni. Msifanye hivyo, maana anapoteza maji tayari. Cha kushughulikia ni sukari aliyopanda nayo kitandani.

Na kwetu sukari hiyo ilikuwa na chanzo kinachoonekana kwa macho. Asubuhi chai ya rangi na maandazi, mchana kutwa shambani bila kitu cha maana, halafu saa tatu usiku, baada ya taarifa ya habari, sahani ya ugali iliyojaa, mboga pembeni kidogo, na kulala papo hapo. Familia nyingi za huku kwetu zinakula hivyo, na anayefanya kazi ya jembe ana haki ya kuwa na njaa jioni. Mwili wa mwenye kisukari, hata hivyo, hauwezi kupokea chakula cha siku nzima kwa mkupuo mmoja na kulala juu yake.

Kabla hatujarekebisha hilo, ndugu mmoja kanisani akamwambia baba kwamba mwenye sukari hatakiwi kula usiku kabisa. Akamsikiliza. Akala mboga za majani kidogo, akameza vidonge vyake kama kawaida, akalala. Usiku wa manane mama akatugongea mlango. Baba alikuwa amelowa jasho hadi shuka, na ilikuwa Julai, baridi ya kulalia mablanketi mawili. Anatetemeka, moyo unamwenda mbio, anaongea maneno yasiyoshikana, na alikuwa ameota anakimbizwa. Mmoja akasema malaria, mwingine akaanza kutaja wachawi. Tukamtoboa kidole: 3.1.

Chini ya 3.9 sukari imeshuka. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, na haiulizi kama umekula au hukula, ndiyo maana mtu anayemeza dawa za aina hiyo au anayejichoma insulini hawezi tu kuamua kuacha mlo wa usiku. Tulimkorogea vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, ambavyo ni kama gramu 12 hadi 15, tukasubiri dakika 15, tukapima tena. Ilipopanda tukampa maziwa na kipande cha ndizi iliyochemshwa ili isishuke upya. Mtu akiwa katika hali ile usimpe karanga wala parachichi, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Na akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kesho yake tulikwenda kwa daktari, naye ndiye aliyepunguza dozi. Dawa isipunguzwe nyumbani, wala kanisani.

Tangu hapo tunapima kabla ya kuzungumza. Najua stripu, vile vijikaratasi vya kupimia, ni ghali, na si kila duka la dawa linazo, kwa hiyo hatupimi kila usiku. Tunachagua usiku kadhaa, tunapima kabla hajalala, saa tisa usiku na alfajiri, tunaandika kwenye daftari pamoja na alichokula. Kipimo cha saa tisa ndicho kinachofumbua fumbo. Ikiwa chini saa hiyo, mlo ulikuwa mdogo au dawa ni kubwa. Ikiwa juu tangu wakati wa kulala, tazama sahani ya jioni. Na ikiwa nzuri saa tisa halafu alfajiri imepanda bila mtu kula chochote, usimlaumu mgonjwa kwamba ameiba chakula: karibu na kucha mwili hutoa homoni, kotisoli ikiwamo, zinazoliambia ini limwage sukari ili mtu aamke na nguvu. Kwa asiye na kisukari insulini huisawazisha. Kwa baba haitoshi. Hilo pia tulimpelekea daktari na daftari mkononi, na mazungumzo yakawa mafupi na ya maana kuliko siku zote.

Sasa nije kwenye sahani yenyewe. Mlo wa jioni tumeurudisha nyuma hadi saa kumi na mbili na nusu, saa moja ikichelewa. Mama akiwa bado anasonga ugali, baba anapewa bakuli la maharage na mnafu, na siku nyingine usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Kyela, analimaliza kwa kijiko akiwa ameketi pale pale jikoni karibu na moto. Ugali unapoepuliwa njaa yake imeshatulia, anachukua kiasi cha ngumi yake na mboga iliyobaki. Hakuna anayemhesabia matonge. Utaratibu huu una ushahidi: mwaka 2015 watafiti wa New York walichapisha jaribio dogo la watu 11 wenye kisukari aina ya pili waliokula chakula kile kile kwa mpangilio tofauti. Walipoanza na mboga na nyama ya kuku, mkate na juisi vikaja mwisho, sukari yao saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Jaribio la watu 11 si neno la mwisho, lakini ni jambo lisilogharimu shilingi, na kwetu glukomita, mashine yetu ya kupimia sukari, imekubaliana nalo.

Kuhusu dona, niseme wazi kwa sababu naona watu wanajidanganya. Dona ni bora kuliko sembe, ina pumba na kiini, ina nyuzinyuzi. Lakini sahani iliyofurika dona inapandisha sukari vilevile. Ndivyo ilivyo hata kwa uji wa lishe, unaopelekewa wagonjwa wa sukari kama dawa. Nafaka zikishasagwa laini zikawa uji, hata ziwe aina saba, tumbo halina kazi kubwa ya kufanya, sukari inaingia haraka, na wengi huongeza vijiko viwili juu yake. Mimi ningempa mgonjwa makande. Punje nzima ya mahindi na ya maharage hutafunwa, huvunjwa taratibu, na hushikilia tumbo hadi usiku mkubwa. Ndizi za kupika zikiwa mbichi kabisa nazo ni rafiki kuliko zilizoanza kuiva. Viazi tunakula, vichache, na maharage. Wali wa Kyela unanukia hadi barabarani, na ni chakula cha mchana, tena kidogo, siku ambayo mtu ana kazi ya kufanya baadaye. Parachichi nusu na chakula, kwa nini lisiwepo, na miti iko uani?

Akishakula, baba anakwenda kuwakatia ng'ombe majani. Dakika 15 au 20 za kutembea baada ya mlo huwapa misuli nafasi ya kuichukua sukari hiyo, na ameona mwenyewe namba zikishuka kuliko siku ya mvua anapobaki kwenye kiti. Kabla ya kulala, maelekezo ya daktari wetu ni kwamba akikutwa chini ya 6 ale kitu kidogo, na kwetu kitu hicho ni kikombe cha maziwa yasiyo na sukari na ndizi ya kuchemsha. Akikutwa juu, hali tena.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni chai. Nyumba ya mkulima wa chai haikosi birika motoni, na baba alikuwa anakunywa hadi anapanda kitandani, vijiko vitatu kwa kikombe. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua kwa nusu tu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa mbili bado kinafanya kazi saa saba usiku. Sasa chai inaishia saa nane mchana, bila sukari, na jioni birika ni la mchaichai. Alinung'unika sana, na bado ananung'unika mvua ikinyesha.

Pombe nayo isifichwe. Kimpumu au komoni ikinywewa bila chakula hulifanya ini lishughulike na kileo na kusahau kutoa sukari, na mtu anaweza kushuka usingizini wakati wenzake wanadhani amelewa tu. Baba hanywi, lakini wadogo zake wanakunywa, na mmoja wao anameza vidonge hivyo hivyo. Nimemwomba, kwa heshima zote, kama hawezi kuacha, basi asinywe bila kula, na asilale chumba cha peke yake.

Usingizi wenyewe pia ni dawa ya sukari, na hapa ndipo mduara unapojifunga. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wa kiume 11 wenye afya kwa muda wa saa nne tu kila usiku, usiku sita mfululizo, na uwezo wa miili yao kuiondoa sukari kwenye damu ulishuka kwa karibu asilimia 40. Hao walikuwa vijana wasio na kisukari. Kwa mzee mwenye ugonjwa tayari, wiki ya msiba ni mtihani mkubwa. Tunakesha, tunalala kwenye mikeka, wali unakuja saa sita usiku, soda inagawiwa, na chupa moja tu ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Baba haachi kwenda kwenye msiba, na hakuna atakayemwambia asiende. Anakwenda mchana, anakula nyumbani kabla, anabeba maji yake, na saa mbili usiku wajukuu wanamfuata. Wafiwa wakielezwa wanaelewa.

Mwisho, yapo yanayokatisha usingizi ambayo sahani haiyawezi. Mwanamume mzee anayeamka kukojoa ilhali sukari yake ni nzuri apimwe tezi dume. Anayekoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika kidogo kisha akashtuka kama anayezama, apelekwe hospitali hata kama asubuhi anasema amelala vizuri. Mama ndiye aliyetusaidia kuyatenganisha haya, kwa kuwa yeye ndiye anayelala naye, na daftari lile sasa lina safu yake: jasho, kukoroma, mara ngapi ametoka. Ukienda kwa daktari na mgonjwa wa namna hii, nenda na mtu anayelala naye chumba kimoja.

Msomaji wenu, Tukuyu, Rungwe.