Jibu: Kwa nini mtoto njiti hupimwa ubongo kwa ultrasaundi

Dada, umeuliza kwa nini mwanao aliyezaliwa na wiki 28 alipimwa kichwa siku ya tatu ilhali anaonekana mzima, na kama mionzi ya mashine ile inaweza kumdhuru. Ultrasaundi haina mionzi kama ya eksirei. Ni mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, nayo hupitishwa utosini, pale palaini panapodunda, kwa kuwa mfupa wa fuvu ungeyazuia. Mpimaji hupaka jeli kidogo, akaegesha kifaa bila kukandamiza, na mtoto hatolewi hata kwenye inkubeta yake.

Sababu yenyewe ni kwamba kabla ya wiki 32 hivi, kando ya vyumba vya maji ya ubongo huwa kuna tishu yenye mishipa ya damu myembamba mno, ambayo hupasuka kwa urahisi shinikizo la damu linapoyumba, na uvujaji huo hutokea zaidi katika siku 3 za kwanza, mara nyingi bila dalili yoyote. Kwa hiyo kuonekana mzima, ingawa ni jambo la kushukuru, hakutoshi. Madaktari huupanga uvujaji katika madaraja 4: la 1 na la 2 kwa kawaida damu hufyonzwa yenyewe, ila ya juu hufuatiliwa kwa karibu, kwani maji yanaweza kujaa kichwani.

Usishtuke wakirudia kipimo baada ya wiki 4 hadi 6, kwa kuwa majeraha ya sehemu nyeupe ya ubongo huchelewa kuonekana.