Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Barua zilizonifikia tangu jua la Oktoba lianze kuwaka zinahusu jambo moja: gari linachemsha. Wengi wenu mmekwisha kununua kifaa kimoja au viwili kabla ya kuniandikia, wala hakuna aliyetafuta kwanza mahali maji yanapotokea.

Kila asubuhi naongeza karibu lita moja kwenye rejeta ya Toyota yangu ya mwaka 1998, lakini chini ya gari hakuna hata tone. Fundi anasema injini inakunywa maji. Je, ni kweli? (Nkuhungu)

Injini huweza kunywa maji, nami nitalieleza hilo nikimjibu msomaji wa Kongwa, lakini lita moja kwa siku bila moshi mweupe mzito inanifanya nishuku kwanza uvujaji wa nje. Rejeta ya moto hubeba mgandamizo, na tundu lisilotoa tone gari likiwa limepoa hupuliza maji ukiwa barabarani, nayo hukauka juu ya chuma cha moto kabla hayajafika chini.

Hapa Dodoma tuna msaidizi mmoja, nalo ni vumbi letu, kwa sababu hunata palipo na unyevu. Osha injini, endesha siku mbili tatu, kisha fungua boneti na umulike kwa tochi. Juma lililopita nilikagua gari la namna hiyo. Pampu ya maji ilionekana nzima kabisa kwa juu, ila chini ya kitundu kilichoko tumboni mwake kulikuwa na mchirizi mwembamba mweupe, kama chumvi iliyokauka, na pembeni mwake utando wa vumbi jekundu uliolalia upande feni inakopulizia. Kitundu hicho kimewekwa makusudi na watengenezaji, ili sili ya ndani ikichoka maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Kwa hiyo kukiziba kwa gundi, kama alivyokuwa amefanya mtu fulani kabla yangu, ni kuiua pampu taratibu.

Usipoona kitu, tafuta gereji yenye pampu ya mkono ya kupimia rejeta. Hufungwa mahali pa kifuniko injini ikiwa baridi, hujazwa upepo hadi kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko, ambacho kwa magari mengi ya aina yako ni 0.9 au 1.1 (kilo kwa sentimita ya mraba), kisha mshale wake hutazamwa kwa dakika 10 au 15. Ukishuka, maji yanatoka mahali, na safari hii yatatoka mbele ya macho yako. Usisahau kupapasa zulia la mbele ndani ya gari: likiwa na unyevunyevu wenye harufu tamutamu, iliyotoboka ni rejeta ndogo ya hita.

Fundi aliitoa themostati akasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Sasa gari halipati moto tambarare, lakini nikipanda vilima vya Kolo linachemsha. (Kondoa)

Ushauri huo umeenea kuliko ukweli wake. Katika injini nyingi za Toyota themostati, yaani mlango wa maji unaofunguka kwa joto, hufanya kazi mbili: ikifunguka hupeleka maji kwenye rejeta, na papo hapo kisahani chake cha chini huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, hivyo sehemu ya maji inazunguka bila kuiona rejeta, na kilimani ndipo upungufu huo unapojitokeza. Tambarare nako injini inakaa baridi mno, inakula mafuta na kusagika haraka. Nunua mpya, lakini kabla ya kuifunga itumbukize ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi 82.

Linachemsha kwenye foleni tu, nikiondoka linapoa. (Kisasa)

Ni feni. Kagua fyuzi, rilei na swichi ya joto ikiwa ni ya umeme. Kama lingechemsha kwenye mwendo mkubwa tu, ningesema rejeta imeziba.

Asubuhi, kabla sijawasha, mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu kama umejazwa upepo. Nikiwasha nikiwa nimefungua kifuniko, mapovu hayaishi. (Kongwa)

Mpira uliolala usiku kucha unapaswa kuwa laini, kwa hiyo nina shaka kubwa na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini: moto wa silinda unapenya kwenye njia za maji, na maji nayo huingia ndani ya silinda, ndiko injini kunywa maji. Omba upimwe kwa dawa ya buluu, ambayo hugeuka njano inapokutana na hewa chafu ya silinda, na uchomoe plagi zote, maana ile iliyooshwa na mvuke huwa safi kuliko wenzake. Utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili pekee hauthibitishi kitu kwa gari la safari fupi. Ukiuona kwenye kijiti cha oili, usiwashe tena. Na asikubali mtu kubadilisha gasketi bila kupima unyoofu wa hedi kwa rula ya chuma, kwani hedi iliyopinda itaiunguza gasketi mpya pia.

Naweza kutumia maji ya kisima? (Manyoni)

Tazama ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe ndio utakaojijenga kwenye vijibomba vya rejeta. Tumia kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, au ya mvua ukiyakosa hayo. Kumbuka pia kwamba Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi; kifuniko kizima cha 0.9 huyapandisha hadi karibu 116, na kifuniko kilicholegea hukunyima karibu zote hizo 20.

Nikiwa barabara ya Iringa mshale ulipanda hadi juu, kisha ukashuka wenyewe. Nikaendelea. Nilikosea? (Ipagala)

Naam, na huenda ulikosea sana. Kihisio cha joto husoma maji yanayokigusa. Maji yakiisha hubaki kwenye mvuke, na mshale huanguka wakati chuma kinaungua. Ungezima kiyoyozi, ukawasha hita hadi mwisho huku ukitafuta pa kusimama, ukazima injini na kungoja si chini ya nusu saa kabla ya kugusa kifuniko. Mkono wangu wa kulia una kovu la kungoja dakika 5 tu. Sasa, kabla hujaliwasha tena, fanya vile vipimo nilivyomweleza msomaji wa Kongwa.